Kaburi la Nyali na msemo wa "kazi ya Mungu haina makosa"

Sijawahi kwenda kwenye msiba wa Wakristo nikarudi bila kuusikia msemo huu: kazi ya Mungu haina makosa. Mzee wa kanisa huutamka kando ya jeneza, mshereheshaji huurudia kwenye kipaza sauti, na wapiga chapa huuweka nyuma ya fulana za msiba, chini ya picha ya marehemu. Kisha hufuata Ayubu 1:21, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. (Biblia yetu ya Union inasema "libarikiwe"; sisi kwa mazoea tunasema "lihimidiwe", na msibani hakuna anayesahihishwa.)

Kama ungamo la imani, msemo huo naukubali. Mungu anatawala, na kama hatawali sijui tunaomba nini. Kinachonisumbua ni kazi tunayoupa. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alijifungua mtoto ambaye tayari amekufa, baada ya kukaa saa nyingi akingoja gari la kumpeleka hospitali ya rufaa. Gari lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Jioni ile mhubiri alisimama uani akasema kazi ya Mungu haina makosa, na mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi karibu nami akauliza, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Na ya mwenye gari je?"

Swali lile nimekaa nalo. Kisa kilichonisaidia kulifikiria ni cha zamani na ni cha Pwani: kisa cha Rosine Krapf, aliyezikwa upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1844.

Yaliyotokea

Mumewe, Johann Ludwig Krapf, wengi tunamjua kwa mambo mengine: Mlima Kenya aliouona kwa mbali Desemba 1849, kamusi ya Kiswahili, na kituo cha umisionari cha Rabai. Alizaliwa 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani, akasomea umisionari Basel, kisha akatumwa Ethiopia mwaka 1837 na shirika la wamisionari la CMS la Uingereza. Alifika hadi Shewa, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko miaka kadhaa. Mwaka 1842 akashuka Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, wakafunga ndoa Alexandria.

Walipogeuka kurudi Shewa, njia ilikuwa imefungwa. Katika kuhangaika huko na huko, nyikani bara ya Massawa, Rosine alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike. Baba yake akambatiza, kisha mtoto akafa, wakamzika, wakaendelea na safari. Walimpa jina la Eneba, kutokana na neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Ethiopia ikawakataa. Kutoka Aden wakapanda jahazi kushuka na mwambao, wakafika Zanzibar mapema 1844. Sultani wa huko, Sayyid Said bin Sultan, akampokea Krapf vizuri, akampa barua kwa maliwali wake kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwageuza watu kwa Mungu, mtendeeni wema. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja Mwislamu, mtu wa Barawa. Rosine alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mwanzoni mwa Julai homa ikampata Krapf, siku chache baadaye ikampata mkewe. Tarehe 6 Rosine akajifungua tena mtoto wa kike. Homa haikumwacha. Alipoona hatapona, aliomba. Alimwombea mumewe, akawaombea ndugu zake, akaiombea kazi waliyoijia na watu wa nchi hii. Akamwombea hata Sayyid Said, kwamba Mungu auelekeze moyo wake kwenye mema ya kudumu ya raia zake. Alifariki tarehe 13. Krapf alikuwa amelala kitanda cha pili, hajiwezi, na ilimgharimu nguvu zote kuinuka ahakikishe kwamba mkewe kweli amekata roho. Kesho yake, Jumapili, wakamzika ng'ambo, bara, kama alivyotaka mwenyewe, ili wapita njia waone kaburi na wakumbuke lililomleta huko. Siku iliyofuata mtoto naye akafa. Kwa joto la Mombasa hakukuwa na kungoja. Akazikwa ubavuni mwa mama yake.

Kwa hiyo ndani ya ndoa ya miaka miwili, mtu huyu alizika watoto wawili na mke.

Barua iliyopata umaarufu

Krapf alipopata nguvu ya kushika kalamu aliwaandikia wakubwa wake London. Barua hiyo imesomwa kwenye mimbari nyingi. Kiini chake ni hiki: waambieni rafiki zetu kwamba sasa Afrika Mashariki lipo kaburi la mmisionari, limekaa peke yake, ni ishara kwamba mmeanza vita na upande huu wa dunia, na kwa kuwa kanisa hupata ushindi kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake wengi, jueni kwamba saa imekaribia ya ninyi kuitwa kuigeuza Afrika kuanzia pwani yake ya mashariki.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda, nikaifanyia mahubiri. Siku hizi nikiisoma nasita. Si kwa sababu nadhani alidanganya. Nadhani aliamini kila neno. Ila kaburi limegeuzwa ngazi haraka mno. Mwanamke mwenye jina, aliyekaa jahazini na mimba tumboni na kaburi la mtoto nyuma yake, ndani ya barua amekuwa ishara. Na lugha ya vita na ushindi juu ya Afrika, sisi tulio upande wa kupigwa vita hiyo tunajua miaka iliyofuata iliazimwa na watu wa aina gani.

Tena hesabu yenyewe haikujibu. Saa haikukaribia. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alifika kumsaidia mwaka 1846; wengine walioletwa baadaye, baadhi yao homa iliwachukua upesi. Krapf aliondoka 1853, afya imevunjika, nyuma yake wabatizwa hawajai hata benchi moja. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Rebmann alishikilia Rabai hadi 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Ukitaka kusema kifo cha Rosine kililipa, itabidi uruke miaka 30 na zaidi ndipo uanze kuonyesha makanisa. Na hata ukionyesha makanisa yote ya Pwani leo, bado sijaona ni kwa mizani gani dayosisi inapimwa dhidi ya mtoto wa siku tisa.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Kuamini kwamba Mungu anatawala mateso ni jambo moja. Kujua anayatawala *kwa ajili gani* ni jambo jingine, na la pili hatujapewa. Barua ya Krapf ni imani ya jambo la kwanza iliyovikwa uhakika wa jambo la pili.

Mbu

Kuna mhusika katika kisa hiki ambaye Krapf hakumjua. Julai ni mwezi unaofuata masika. Mvua kubwa za Aprili na Mei zimeshajaza kila dimbwi. Wazungu wa wakati ule waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi, na ndiyo asili ya neno malaria. Kwinini ilikuwa imeshajulikana Ulaya, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ni mbu mpaka mwishoni mwa karne. Ronald Ross alivikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, huko India. Mwanamke mgeni, asiye na kinga ya kuzoea, mwenye mimba ya mwisho-mwisho, bila chandarua: leo nesi yeyote wa kliniki ya wajawazito Pwani angekwambia matokeo kabla hujamaliza sentensi. Angempa vidonge vya SP vya kuzuia malaria na chandarua chenye dawa, na angemgombeza kwa kuchelewa kuja.

Sasa, je, chandarua kinapigana na mapenzi ya Mungu? Ukisema Rosine alikufa kwa kuwa Mungu aliamua tu, mjadala umefungwa, utakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini Mungu huyo amebadili maamuzi tangu kliniki zianze. Fundisho la kanisa halikuwa hivyo kamwe. Enzi ya Mungu haifuti sababu za chini yake: mbu ni mbu, dimbwi ni dimbwi, na gari lisilo na mafuta lina mtu aliyepaswa kulijaza. Mungu kutawala juu ya hayo yote hakumtoi mtu huyo kwenye lawama.

Mfano mkubwa wa fundisho hili umo katika kitabu kile kile alichokuwa anakitafsiri Krapf. Yusufu anawaambia kaka zake, Mwanzo 50:20, kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Kitenzi ni kimoja, *kukusudia*, na wakusudiaji ni wawili. Yusufu hasemi ndugu zake hawakukosea, wala hasemi kwamba Mungu alifika baadaye kuokota vipande. Mstari huu tunaupenda, na tuna haki ya kuupenda.

Lakini angalia nani anausema, na lini. Anausema aliyeuzwa mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa ameshalia mara kadhaa mbele ya watu. Rudi sura ya 37, siku kanzu yenye damu inapoletwa kwa Yakobo. Watoto wake wote wanaondoka kwenda kumfariji, naye anakataa kufarijiwa. Mungu wa sura ya 50 ndiye huyo huyo wa sura ya 37, na tayari anajua mwisho. Hata hivyo hamtumi mtu kwa Yakobo kumweleza, wala Biblia haimkemei mzee kwa kukataa faraja. Na wale waliokuwa wakimfariji, kumbuka, ndio waliomuuza mtoto. Mfariji wa namna hiyo hata misibani kwetu yumo. Hujui tu amekaa kiti gani.

Kwa maoni yangu Krapf aliandika barua ya sura ya 50 akiwa bado anaishi sura ya 37. Yeye ana udhuru: msiba ni wake, kila mfiwa hushika kamba anayoiona. Mhubiri wa uani kwa jirani yangu hana udhuru huo.

Biblia yetu inavyosema

Mstari mwingine wa misibani ni Warumi 8:28, na Waswahili wengi tunaukumbuka vibaya. Utasikia "mambo yote hufanya kazi kwa wema", kana kwamba mambo yenyewe, homa na vifo na madeni, yana akili ya kujipanga. Tafsiri ya Union haisemi hivyo. Inasema "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema". Mtendaji ni Mungu. Homa haifanyi kazi yoyote njema. Mungu ndiye anayefanya, *katika* homa, na anafanya *pamoja na* watu. Nimewahi kuona sura ya mjane ikibadilika baada ya kusomewa mstari huu polepole, neno kwa neno, badala ya kurushiwa. Alikuwa ametumia miezi minne akijilazimisha kukiita kifo cha mumewe kitu chema.

Na Ayubu. Tunasoma sura ya 1 na kufunga kitabu, kana kwamba yule mtu alinyamaza pale. Fungua 13:15. Wenzetu wa lugha nyingine wana tafsiri zinazosema hata akiniua nitamtumaini. Union yetu ni kali zaidi: "Tazama, ataniua, sina tumaini, lakini hata hivyo nitaithibitisha njia yangu mbele zake." Tofauti inatokana na Kiebrania chenyewe, ambako neno moja linasomeka *hapana* au *kwake*, na wataalamu hawajakubaliana. Mimi nashukuru kwamba Biblia ya bibi zetu ilichagua upande mgumu. Sina tumaini, lakini naja mbele zake. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale marafiki watatu walioitetea kazi yake kwa maneno mazuri sura baada ya sura, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Waliosema kazi ya Mungu haina makosa ndio walioambiwa watoe sadaka ya kuteketezwa.

Kitandani

Narudi kwenye kile chumba cha Mombasa, maana nadhani jambo lenyewe liko pale na wala si kwenye barua.

Tunachojua kuhusu siku za mwisho za Rosine tumekipata kwa mumewe. Hakuna karatasi ya mkono wake mwenyewe tunayoisoma tunapohadithiwa kisa hiki. Yeye aliyekufa anasemewa na aliyebaki. Pamoja na hayo, alichokumbuka Krapf ni kwamba mkewe alikuwa anaomba. Hakueleza kwa nini Mungu amemleta Mombasa miezi miwili amuue. Aliomba mambo, moja baada ya jingine, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba: huyu mume, hawa ndugu, kazi hii, watu hawa. Na Sultani. Sijui mwanamke anayekufa kwa homa baada ya uzazi, kichanga cha wiki moja pembeni, anawezaje kumkumbuka Sultani wa Zanzibar. Lakini hebu fikiri maana yake. Hakuna anayemwomba Mungu augeuze moyo wa mfalme kama haamini kwamba Mungu ana mkono huko. Mithali 21:1 inasema hivyo hasa, moyo wa mfalme umo mkononi mwa Bwana kama mifereji ya maji. Rosine hakuwa na maelezo ya kifo chake, alikuwa na maombi, na maombi yale yalikuwa na imani zaidi katika enzi ya Mungu kuliko barua nzima iliyofuata.

Kwa mumewe pia, nje ya ile barua kuna Krapf mwingine ambaye hasomwi sana. Aliandika kwamba baada ya kumzika mtoto, moyo na mwili wake vililia siku nyingi. Hakuna ushindi katika sentensi hiyo. Mtu aliyelia siku nyingi na kisha akarudi mezani kwenye ile tafsiri, mimi namwelewa kuliko jemadari wa kwenye barua. Sura tatu za kwanza za Mwanzo ya Kiswahili chake zilichapwa Marekani mwaka 1847. Katika ya tatu Mungu anamwambia mwanamke kwamba kwa utungu atazaa watoto. Kila mfasiri wa Kiswahili aliyekuja baadaye amelitafutia neno mahali pale. Yeye alilitafuta katika mji alikomzika Rosine.

Yule jirani yangu alipata watoto wengine, ikiwa kuna anayetaka kujua, ingawa sipendi kukitumia hicho kama jibu. Yule mama wa viazi alikwenda kwake kila asubuhi wiki mbili, akifagia ua na kuchota maji. Sikumsikia akimwambia kitu kuhusu Mungu zaidi ya "pole mwanangu". Na mwezi uliofuata alikuwa mmoja wa wanawake waliokwenda kukaa kwenye benchi la ofisi inayohusika na lile gari, na Biblia zao mkobani, mpaka wakasikilizwa.

Krapf angeweza kurudi kwao 1844, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki Mombasa miaka miwili peke yake, akijifunza lugha na kutembelea vijiji vya Wamijikenda. Rebmann alipofika Juni 1846, haikupita muda naye akashikwa na homa. Tarehe 25 Agosti wazee wa Rabai walikuwa wanawangoja, nyumba haijaisha, na wote wawili wagonjwa. Wakaamua kwenda hivyo hivyo. Kilima cha Rabai ni kikali kwa mtu mzima, sembuse kwa mwenye homa, na punda waliyekuwa naye alikuwa mmoja. Wakampanda kwa zamu.